Benki Inapakwa Rangi

Nchi yenyewe siruhusiwi kuitaja. Si kwamba naogopa. Katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kupata taabu kwa kusema, na wachache walioipata hawajasikika wakilalamika. Sababu ni kwamba jina la nchi liliwekwa rehani mwaka ule ule bandari na reli zilipowekwa, na hadi leo halijakombolewa. Raia wake wakiulizwa kwenye uwanja wa ndege wametoka wapi, hujibu kwa adabu: "Tumetoka kule."

Basi kule kwao, Jumatatu moja asubuhi, Benki ya Akiba ya Umma haikufunguliwa. Hii ndiyo benki waliyoweka akiba zao walimu, manesi, wauza dagaa, mafundi cherehani na wastaafu wote wa serikali. Mlangoni palibandikwa tangazo: TUMEFUNGA KWA AJILI YA KUPAKA RANGI. Na kwa kuwa serikali ile haikupenda kusema uongo, ilimleta fundi wa rangi. Alipaka ukuta wa mbele rangi ya kijani. Kesho yake akapaka rangi ya maziwa. Keshokutwa akarudia kijani. Wiki zilivyopita ukuta ukanenepa, na madirisha yakadidimia ndani yake kama macho ya mtu aliyeamka na homa.

Watu walipanga foleni. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililoitia serikali wasiwasi, kwa sababu watu wanaopiga kelele wana dawa yao, na dawa hiyo ilikuwepo ya kutosha ghalani. Hawa walisimama tu, wameuelekea mlango. Upepo ukitikisa bawaba, foleni nzima ilisogea hatua moja mbele, halafu ikatulia tena.

Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Fumo Lwitiko, aliitisha kikao cha dharura.

"Waheshimiwa," alisema, "nimelichunguza jambo hili kwa kina. Tatizo si kwamba fedha hazipo. Tatizo ni kwamba kutokuwepo kwake hakujaelezwa vizuri."

Wajumbe walipiga meza. Siku hiyo hiyo kile kidogo kilichokuwa kimebaki hazina kikatengwa kwa ajili ya mafunzo ya wasemaji.

*

Kulikuwa na mwanamke mmoja katika Redio ya Taifa, Adelina Kirumbi. Hakuwahi kusoma taarifa ya habari wala kutangaza mpira. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa moja: matangazo ya vifo. Kila siku saa saba na nusu mchana sauti yake iliingia majumbani, nzito kidogo, isiyo na haraka, na watu wakaweka vijiko chini. Alitaja aliyefiwa, akataja mahali, akasema, "anasikitika kutangaza kifo cha," kisha akanyamaza, akavuta pumzi, ndipo akalitaja jina. Katika pumzi ile nchi nzima ilisimama. Ambao jina halikuwa la mtu wao walimshukuru Mungu, wakaendelea kula.

Redio ile iliwahi kutangaza mavuno mema mwaka watu walipokula mizizi. Iliwahi kutangaza ushindi wa timu ya taifa katika mchezo ambao timu haikusafiri. Lakini Adelina hakuwahi kumtangaza mtu aliye hai. Hata mumewe alipofariki, alimsoma mwenyewe, kwa sauti ile ile, kwa pumzi ile ile, akafunga kipaza sauti, akachukua mkoba wake, akaenda kulilia nyumbani.

Waziri alimwita ofisini kwake.

"Dada Adelina, taifa linakuhitaji. Wananchi hawatuamini sisi. Wanakuamini wewe."

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa vifo."

"Vifo tumevisimamisha kwa muda. Vinawavunja moyo wawekezaji."

Kweli vilisimamishwa. Kuanzia siku ile hakuna aliyetangazwa kufa nchini, na Idara ya Takwimu ikatoa taarifa kwamba vifo vimeisha. Waziri wa Afya alivishwa nishani. Makaburini wachimbaji waliendelea na kazi yao, lakini waliokuja kuzika walikuwa majirani tu, wawili watatu, wakitazama barabarani kama kuna ndugu atakayetokea. Hakutokea mtu. Ndugu walikuwa mbali, wamekaa karibu na redio, wametulia kwa sababu hawajasikia kitu.

Adelina alikunja mikono mapajani. "Naomba kuuliza, Mheshimiwa. Hizo fedha zipo?"

Waziri akatabasamu kama mwalimu aliyeulizwa swali alilolisubiri. "Watu wakiamini zipo, watarudisha zile walizoficha majumbani. Wakirudisha, zitakuwepo. Kwa hiyo zipo."

Adelina alilipindua neno hilo kichwani, akalipindua tena, na kila alipolipindua lilionekana kama lina ukweli mahali fulani, ila hakupaona. Redio ilikuwa haijalipa mishahara muda mrefu. Akaitikia.

*

Mafunzo yalifanyika ndani ya benki yenyewe, kwa kuwa ndilo jengo pekee la serikali ambalo halikuwa na shughuli. Washiriki waliingia kwa mlango wa nyuma. Waliketi kwenye ukumbi wa wateja, mapazia yameshushwa, na kwa nje, upande wa pili wa mlango, walisikia foleni ikipumua. Hawakusikia maneno, kwani hakukuwa na maneno. Ilikuwa pumzi tu ya watu wengi, ikiingia na kutoka chini ya mlango, na mshiriki mmoja alilazimika kuhamisha kiti chake kwa sababu ilimpiga miguuni.

Mkufunzi alikuwa Bwana Wilbaldi Kasongwa, mtaalamu wa mawasiliano ya dharura, mtu aliyenyooka kama suruali yake. Aliwafundisha kwanza mikono. Msemaji wa fedha asiguse mfuko wake anapoongea. Asitazame chini, maana chini ndiko vitu vinakopotea. Kisha akawafundisha maneno. Benki haifilisiki, inapumzika. Fedha haziibwi, zinahamia. Neno "hakuna" lilifutwa kabisa, na mshiriki aliyejisahau akasema hakuna chai alitolewa nje ajifikirie.

"Ukiulizwa swali," alisema Kasongwa, "usilijibu na usilikatae. Lipokee, lisifu, kisha lipeleke mahali pengine, kama mgeni unayemtoa sebuleni bila kumfukuza."

Lakini mtu hawezi kufanya mazoezi bila mwandishi wa habari wala mwananchi. Waandishi wa kweli hawakuruhusiwa. Kasongwa akafungua mlango kidogo, akamvuta mtu wa kwanza kwenye foleni, akaufunga. Alikuwa Mzee Makukula, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mrefu, amevaa koti lililofungwa vifungo vyote. Aliambiwa atakuwa mwananchi wa mazoezi, malipo yake ni chakula cha mchana, na kazi yake ni kuuliza.

"Niulize nini?"

"Chochote kinachokusumbua."

Mzee Makukula akamgeukia mshiriki wa kwanza. "Mwanangu, fedha zangu ziko wapi? Mke wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari amesema asipofanyiwa operesheni mwezi ujao, basi."

"Swali zuri sana, mzee wangu," alisema mshiriki. "Kabla sijalijibu, tukumbuke kwanza tulikotoka."

"Mimi nimetoka Mtaa wa Kiwandani. Fedha zangu ziko wapi?"

"Hatukuwa hata na barabara, mzee."

"Nimekuja kwa miguu. Ziko wapi?"

Kasongwa alifurahi sana. Alisema huyu ni mwananchi wa kiwango cha juu. Kila siku Mzee Makukula aliingizwa, akauliza, akasifiwa swali lake, akapewa wali na maharage, akatolewa. Hakukasirika hata siku moja. Aliuliza kwa sauti ile ile, na washiriki wakaanza kuisikia nje ya darasa. Mmoja aliisikia akinyoa ndevu. Mwingine alimkemea mkewe kwa kumuuliza ziko wapi, na mkewe alikuwa ameuliza viatu.

Adelina hakuwa hodari. Alipewa sentensi za kusifu maswali, zikamkwama. Kasongwa akamwita pembeni, akamwambia aache yote hayo.

"Wewe soma tu kama unavyosoma vifo. Pale kabla ya jina, unapovuta pumzi? Hiyo pumzi ndiyo tuliyoinunua."

*

Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja kwa wote: Mzee Makukula aende nyumbani kwa hiari yake, ameridhika, asirudi tena. Waziri mwenyewe alikuja kushuhudia.

Walijaribu mmoja baada ya mwingine. Mzee aliwasikiliza wote, akaitika, akauliza tena. Ilipofika zamu ya Adelina, alisimama mbele ya mzee, wakasalimiana.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nakujua. Wewe ndiye uliyemsoma kaka yangu."

"Ndiye mimi."

"Ulimsoma vizuri. Hukumkimbiza. Mwanangu, fedha zangu ziko wapi?"

Adelina alimtazama. Nje, pumzi ya foleni ilikatika, kana kwamba nao wamesogeza masikio mlangoni. Akawafikiria wenzake redioni wanaokuja kazini kwa miguu. Akalifikiria lile neno la Waziri lenye ukweli mahali fulani. Kisha sauti yake ikatoka yenyewe, nzito, isiyo na haraka.

"Mzee Makukula wa Mtaa wa Kiwandani, napenda kukufahamisha kwamba fedha zako," akavuta pumzi, "zipo salama."

Mabega ya mzee, ambayo hakuna aliyejua kwamba yamepanda, yalishuka.

"Kama umesema wewe," alisema, "basi." Akashukuru, akafungua mlango mwenyewe, akatoka. Sahani yake ya wali ilibaki mezani, haijaguswa. Walimsikia nje akisema na wenzake kwa sauti ya chini, kisha wakasikia viatu vingi vikiondoka, vikipungua, hadi mlango ukawa mlango tu.

Waziri alilia machozi ya furaha. Adelina alipewa cheti cha daraja la kwanza. Wenzake walipiga makofi, na yeye aliitazama ile sahani mpaka mhudumu alipokuja kuiondoa.

*

Tangazo lilirekodiwa siku hiyo hiyo na kupigwa kila mchana saa saba na nusu. Nchi nzima, sauti ile ilipoingia, watu waliweka vijiko chini na kuwanyamazisha watoto. Walikuwa hawajaisikia siku nyingi. Kila mtu alijiandaa kufiwa. Ikaja ile pumzi. Kisha, badala ya jina, ikaja habari kwamba akiba zao zipo salama. Wakajikuta wanamshukuru Mungu kama walivyozoea kumshukuru jina linapokuwa la mtu mwingine, na katika shukrani ile hakuna aliyekumbuka kuuliza zaidi.

Wakaanza kurudisha. Walifukua makopo chini ya vitanda, wakafumua magodoro, wakapeleka. Dirisha moja la benki lilifunguliwa kwa ajili ya kupokea tu. Fundi wa rangi aliombwa asogeze ngazi yake. Mzee Makukula alikuwa na mpwa wake aliyejitolea kumkopesha gharama za operesheni. Akamkatalia, akamwambia hana haja ya mkopo, na akamshauri naye aweke benki. Mpwa akaweka.

Adelina alikaa nyumbani siku hizo, kwani redio haikumhitaji tena. Ilikuwa na sauti yake. Alikuwa akipepeta mchele uani, akaisikia sauti yake kwa jirani wa kulia. Akaingia ndani, akaisikia kwa jirani wa kushoto. Alifunga madirisha, na bado alisikia ile pumzi ikivutwa katika nyumba za mtaa mzima kwa wakati mmoja. Alianza kuishikilia pumzi yake mpaka ile ya redio ipite.

Mchana mmoja alibisha hodi mtu aliyetoka mkoani, amebeba jogoo kwapani, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Dada Adelina, samahani kukusumbua. Nilikuja kumtembelea kaka yangu hapa mjini. Nimemletea jogoo huyu. Nimekuta kaburi, na majani yameshaota."

"Pole sana, kaka yangu. Karibu ukae."

"Sikai. Kule kwetu redio tunafungua kila siku. Sauti yako tunaisikia kila siku. Tulijua angekuwa amepatwa na lolote, ungetuambia."

"Walivisimamisha," alisema Adelina. "Matangazo ya vifo. Waliniambia ni kwa muda."

Yule mtu akalifikiria hilo. Hakuwa amekuja kugomba. "Sasa tukikusikia tena," aliuliza, "tufanyeje? Tufurahi au tulie? Mimi sijui, ndiyo maana nikasema nipitie nikuulize."

Yale aliyofundishwa Adelina yalikataa kupanda kooni. Mtu yule akamkabidhi jogoo, akasema hawezi kurudi naye na hana wa kumpa, akaenda zake stendi.

*

Asubuhi iliyofuata fundi wa rangi hakuonekana, na mlango wa benki ulikuwa wazi. Waliopita waliingia, wakakuta ukumbi mtupu. Kaunta zilikuwa zimeng'olewa. Hata nyaya za taa zilikuwa zimevutwa kutoka darini. Waziri Lwitiko, mkurugenzi wa benki na Bwana Kasongwa walikuwa wameondoka usiku kwa ndege, katika ziara ya mafunzo isiyo na tarehe ya kurudi.

Serikali ilijiandaa kwa fujo. Askari walipangwa benki, wizarani, ikulu. Hakuna aliyekwenda huko. Watu walikwenda kwa Adelina.

Alifungua mlango akawakuta wamekaa nje ya uzio wake, chini, kwenye mikeka. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga vichwani. Wengine walikuwa wameleta kuni, na masufuria makubwa ya shughuli, na majani ya chai. Wanaume walikaa upande wao, kofia mapajani. Walikuwa wengi hadi mwisho wa mtaa na kupita kona, na hakuna aliyesema neno. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa akitembea katikati yao.

Adelina alijitanda khanga, akatoka. Katika mkeka wa mbele aliketi Mzee Makukula, koti limefungwa vifungo vyote. Pembeni yake aliketi mkewe, Bi Sofina, ameinua uso kidogo, kama wanavyoinua wale wasioona tena waendako.

"Poleni," alisema Adelina. "Mmefiwa na nani?"

Bi Sofina aligeuza kichwa upesi. "Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema mumewe.

"Una sauti nzuri, mwanangu. Ile siku mzee alivyorudi akaniambia umesema wewe, tulilala. Tulikuwa hatujalala tangu walipofunga." Alipapasa mkeka mpaka akapata nafasi, akaipiga kwa kiganja. "Njoo ukae."

Adelina akakaa. Akaifunika miguu kwa khanga.

"Hatujaja kukudhuru," alisema Mzee Makukula. "Kila mtu hapa anajua. Tumeingia ndani, tumeona. Lakini kujua hivi hivi tu hakutoshi. Mtu hawezi kuanza kulia kama hajaambiwa. Watu tumekaa na jambo hili kifuani, halitoki, halikai. Basi nakuuliza mara ya mwisho, na safari hii hakuna mtihani. Fedha zetu ziko wapi?"

Adelina alilazimika kujaribu mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka hewa tu. Watu walioko mbali walisimama kwa magoti ili wasikie.

"Hazipo, mzee wangu," alisema Adelina. Hakuisoma. Ilikuwa sauti nyembamba, iliyokatika katikati, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia redioni. "Hazikuwepo hata siku ile niliyokuambia. Niliuliza, nikajibiwa neno ambalo sikulielewa, nikaona nikilisema kwa sauti nzuri litaeleweka. Mama, macho yako. Nisamehe."

Bi Sofina hakusema amemsamehe wala hakusema hajamsamehe. Alimshika mkono. Kisha akafungua kinywa, na sauti iliyotoka kwa yule mama mdogo wa mwili iliwainua kunguru kutoka kwenye paa. Mumewe akafuata, mpishi mzee, akalia kwa kishindo, kwa mwili mzima. Ikapokelewa mkeka kwa mkeka, ikapita kona, ikashuka hadi sokoni, ikaungana na watu wengine wenye mambo yao wenyewe: wenye ndugu waliozikwa na majirani, wenye makaburi waliyoyagundua kwa bahati mbaya. Adelina naye alilia, na hakujua ni kwa ajili ya nani kati yao wote.

Ikulu waliisikia. Askari waliisikia, wakatazamana. Kwa bahati nzuri nchi haikukosa wasemaji. Mhitimu aliyeshika nafasi ya pili alikimbizwa redioni, na katika muda mfupi alikuwa hewani, mikono iko mbali na mifuko.

"Ndugu wananchi, sauti mnayoisikia kutoka upande wa mashariki ni mvua. Ni mvua kubwa, ya neema, itakayochochea uchumi. Mnashauriwa kuanua nguo."

Katika mitaa ya mbali, ambako habari za benki zilikuwa hazijafika, watu walitoka nje wakaanua nguo zao. Mwanamke mmoja aliyekuwa na shuka iliyokauka tayari aliitoa kwenye kamba, akaikunja kifuani, akasimama. Jua lilimchoma utosini. Mbingu haikuwa na wingu hata moja. Alisikiliza muda mrefu, kichwa ameinamisha upande mmoja, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kutambua kwamba mvua ile ilikuwa na sauti za watu ndani yake, na sauti mojawapo ilifanana na ya dada yake.

Akairudisha shuka kwenye kamba. Akafunga mlango, akajitanda khanga, akaifuata sauti.